Panya wa Launji

Panya alipokatiza launji siku ile, mchana kweupe, watu wakiona, wa kwanza kupanda juu ya sofa hakuwa mtoto wala bibi mzee. Alikuwa mama mmoja wa shirika la misaada, mtu mzima na heshima zake, na alipanda na viatu. Sofa yenyewe ilikuwa nyeupe. Nani angeisugua? Mimi.

"Ni panya!" akapiga kelele, kana kwamba sisi wengine tulikuwa tumedhani ni ng'ombe.

Nilishika trei ya vikombe nikauma mdomo nisicheke. Na si kwamba nilikuwa na furaha. Kusema kweli, mwaka ule sikuwa na furaha hata ya kumgawia kuku. Nilikuwa na miaka ishirini, cheti cha fomu foo, mtoto wa mwaka mmoja na nusu, na hasira ya kutosha kuchemsha chai ya abiria wote bila makaa. Lakini kumwona yule mama pale juu, ameshika skafu kwa mkono mmoja na pazia kwa mwingine, jamani. Hata Mungu angetabasamu kidogo.

Kile kiwanja cha ndege usikitafute. Kilikuwa cha shamba moja la maua, ukitoka Eldoret kuelekea Ainabkoi, na siku hizi kimelimwa mahindi mpaka pale ndege zilipokuwa zinageukia. Ndege zenyewe zilikuwa ndogo, za watu kama kumi. Zamani zilibeba wenye shamba na wageni wao. Baada ya zile fujo za uchaguzi zikaanza kubeba watu wa mashirika: wa blanketi, wa maharagwe, wa kutuuliza tunajisikiaje. Launji ilikuwa chumba kimoja tu, sofa nne, meza ya chai, na picha ya twiga ukutani. Nyuma yake kulikuwa na jikoni. Nyuma ya jikoni kulikuwa na stoo.

Na ndani ya stoo, nyuma ya makatoni ya biskuti na maji ya chupa, mtoto wangu alikuwa amelala kwenye blanketi chini sakafuni. Meneja hakujua. Ndiyo maana sikucheka kwa sauti.

Acha nieleze ilikuwaje, maana najua kuna mtu tayari anasema, "Mama gani huyo anaficha mtoto stoo?" Huyo mtu namwambia akae hapo kwanza, asikilize.

Kabla ya fujo tulikuwa tunakaa mtaa wa Huruma hapo Eldoret, chumba kimoja cha kukodi, na jirani yangu wa ukuta kwa ukuta ndiye alikuwa ananishikia mtoto nikienda kibaruani. Kabila lake si langu, na hatukuwa tumewahi kulifikiria jambo hilo hata siku moja. Tulikuwa tunafikiria zamu ya kuanika nguo. Halafu Januari ikaja na moshi wake. Wazazi wangu walikuja huku kutoka upande wa Mlima Kenya kabla sijazaliwa, lakini wiki ile nikaambiwa nirudi kwetu. Kwetu wapi? Nimezaliwa hapa, nimesoma hapa, hata baridi ninayoijua ni ya hapa. Nikafunga mtoto mgongoni nikaenda kambini kama wengine. Baba ya mtoto alisema anatangulia Nakuru kututafutia mahali. Hakufa, msimlilie. Alipata mahali, na mahali penyewe palikuwa na mwanamke ndani.

Kambini tuliishi na panya. Sisemi panya mmoja wa kukatiza sebule kwa haraka na aibu zake. Nasema panya waliokuwa na hema kabla yetu, wakatukaribisha. Walitoboa magunia ya msaada kabla msaada haujagawanywa. Walikula sabuni. Na kwa kuwa panya huuma akipuliza, mtoto hakuwa analia. Ulikuwa unaamka tu unaona kidole kina alama. Ndipo akina mama wakubwa wakatufundisha: jioni, kabla mtoto hajalala, mwoshe mdomo na vidole kwa maji ya chumvi, kimoja kimoja, mpaka harufu ya chakula iishe. Chakula chenyewe kitundike juu kwa kamba. Basi kila jioni ungeona foleni ya watoto wamenyoosha mikono kama wanakaguliwa kucha shuleni. Mtoto wangu hakuumwa hata mara moja. Nilijivunia hilo, maana mwaka ule sikuwa na kingine cha kujivunia.

Siku moja wakaja wageni wenye fulana za shirika, na mama mmoja wa skafu akaketi kwenye jerikeni langu akafungua daftari. Akaniuliza changamoto. Nikamwambia panya. Akauliza, "Na nyingine?" Nikamwambia panya tena. Akaandika. Akasema, "Poleni sana, mama. Tutalifanyia kazi."

Sasa mnajua alikuwa nani juu ya sofa.

Yeye hakunikumbuka. Mimi na sare yangu ya buluu na nywele nimesuka, angenikumbukaje? Lakini mimi nilimkumbuka mpaka skafu. Na wakati anapiga kelele kwamba aitwe mtu wa afya sasa hivi, kwamba hii ni hatari kwa maisha ya abiria, nilikuwa nahesabu panya wa kambini kichwani na damu inanipanda. Panya elfu, daftari moja. Panya mmoja, dunia imesimama.

"Mama," nikamwambia kwa upole wa kazini, ule wa meno ya mbele tu, "huyo anapita. Hana shida na mtu."

"Unajuaje hana ugonjwa?"

"Na wewe unajuaje anao? Si hata hamjasalimiana."

Meneja akanitazama vibaya. Meneja wetu alikuwa mtu mwembamba, tai kila siku hata kama hakuna ndege, na alikuwa na imani moja kubwa maishani, nayo ni karatasi yenye muhuri. Karatasi ikisema maua yabadilishwe Jumatatu, yanabadilishwa Jumatatu, hata kama yale ya zamani ndiyo yamefunguka. Karatasi moja mlangoni ilisema hairuhusiwi kulala kwenye launji, na aliwahi kumwamsha abiria mzee aliyesinzia, akamwonyesha. Karatasi hiyo hiyo ndiyo niliyokuwa nimeivunja wiki saba mfululizo.

Nilipopata kazi, nilikuwa nimetoka kambini, nimepata chumba mtaa wa Pioneer. Mtu wa kunishikia mtoto sikuwa naye. Wale niliowaamini walikuwa wametawanyika, na waliobaki sikuwaamini. Yule jirani wa Huruma nilisikia bado yuko, lakini sikuwa tayari kwenda kumuuliza alikuwa wapi siku ile mlango wangu unavunjwa. Kwa hiyo nikamfunga mtoto mgongoni, nikaja naye alfajiri, nikamwingiza kwa mlango wa jikoni.

Mpishi alituona siku ya kwanza. Alikuwa mama wa huku huku, mwenyeji, mwenye ng'ombe wawili na maoni mengi. Tulikuwa hatujaongea zaidi ya "habari" na "nzuri", maana siku hizo kila mtu alikuwa anasikiliza lafudhi ya mwenzake kwanza. Alimtazama mtoto, akanitazama mimi, nikangoja. Akasema, "Huyu lakwet amekula?" Lakwet kwao ni mtoto. Nikasema amekula. Akasema, "Uongo," akammiminia maziwa ya kibuyu kwenye kikombe. Hatukuwahi kuzungumza juu ya Januari, mimi na yeye. Tulizungumza juu ya maziwa. Ukiniuliza leo, nitasema ilitosha kwa wakati ule.

Sasa turudi kwa panya wetu, maana mama wa watu bado yuko juu ya sofa.

Ndege yake ilikuwa imechelewa kwa sababu ya ukungu. Asingekuwa na muda, labda angeruka akasahau. Lakini alikuwa na saa mbili za kukaa bila kazi, na mtu wa shirika akikosa kazi anaitisha mkutano. Akashuka, akaketi na miguu juu, akawaita abiria wengine wanne na meneja. Meneja akaleta habari mbaya zaidi: hata biskuti zilikuwa zinapungua. Wiki nzima amekuwa akikuta pakiti zimefunguliwa stoo.

Mimi na mpishi tukatazama dari. Tulijua panya gani anafungua pakiti za biskuti. Alikuwa na meno manane, na akishiba alikuwa anapiga makofi.

"Ni panya mkubwa," akasema meneja. "Anafungua vizuri, kwenye mstari."

"Amesoma," akasema mpishi kutoka mlangoni.

Mzee mmoja mfanyabiashara, koti zito, akacheka. "Lakini huyo panya ni wa upande gani? Siku hizi lazima tuulize."

Ulikuwa mzaha ambao mwezi wa kwanza ungetoa mtu damu. Nikamwona mpishi ananitupia jicho.

"Mzee," akasema, "nimemtazama vizuri akipita. Hakuwa na alama ya wino kidoleni. Hata kura hakupiga."

Mimi ndiye niliyeanza kucheka. Sikutaka, lakini kicheko kilikuja kama kikohozi, halafu mzee akacheka, na hata mama wa skafu akacheka kidogo kwa puani. Mpishi akarudi jikoni kugeuza maandazi.

Lakini kicheko hakikumzuia meneja. Alikuwa amekwisha kupiga simu. "Bwana afya anakuja," akasema. "Ataangalia kila mahali. Jikoni. Stoo."

Hapo kicheko kikanikauka. Stoo ikifunguliwa, nimefutwa. Nikifutwa, sina chumba cha Pioneer. Na hata nikipata kazi nyingine, nani ataniruhusu na mtoto? Kwa hiyo nikafanya kitu ambacho mpaka leo kinanichekesha na kuniuma pamoja: nikageuka wakili wa panya. Mimi, niliyewachukia kuliko wanasiasa.

"Meneja, mtu wa afya wa nini? Panya yuko kila mahali. Yuko kanisani. Yuko hospitali."

"Huyu yuko launji."

"Na launji ni nini, mbinguni? Kambini tulilala nao miezi mitano na hakuna aliyekufa."

"Umesomea wapi mambo ya panya wewe?"

"Huko huko kambini. Nina shahada."

Mama wa skafu akanitazama, safari hii kwa makini, kama mtu anayejaribu kukumbuka jina la wimbo. Sikumpa nafasi. Nikakimbia stoo kumwangalia mtoto, nimtoe nimhamishie nyuma ya tangi la maji mpaka mkaguzi aondoke.

Nilipomshika alikuwa moto. Asubuhi nilikuwa nimemhisi ana joto nikasema ni meno yanaota. Kila mama anasema hivyo, meno yamebebeshwa lawama za magonjwa yote ya dunia. Nikambeba, mkono wake ukaning'inia, na nikakiona tena kile kidole. Kama siku tano nyuma nilikuwa nimekiona kina mkwaruzo, matundu mawili madogo karibu na ukucha, nikasema ni mkebe wa maziwa umemkata. Sasa kilikuwa chekundu, kimevimba, na vidole vyote vilikuwa na ungaunga wa biskuti.

Nilisimama hapo nikakielewa kila kitu mara moja, na sikutaka kukielewa. Kambini nilikuwa namwosha vidole kila jioni. Hapa sikuwahi kumwosha hata mara moja kabla ya usingizi wake wa mchana. Kwa nini nimwoshe? Hapa kulikuwa na sofa nyeupe. Kulikuwa na maua, sabuni ya kunukia, picha ya twiga. Akina mama wa kambini wote tungefanya kosa hilo hilo: tulifikiri panya ni wa maskini, kwamba ukivuka mlango wa watu safi anabaki nje akikusubiri na jerikeni lako.

Pikipiki ikalia nje. Bwana afya alikuwa amefika haraka kuliko wote tulivyotarajia, kijana wa kofia na mkoba wa ngozi. Nikamlaza mtoto tena, nikatoka na trei kwa sababu sikujua kingine cha kubeba.

Akazunguka launji kwa tochi, akapiga magoti, akanusa, akachokonoa chini ya sinki. Mama wa skafu alimfuata hatua kwa hatua.

"Nimekaa na huyo mnyama chumba kimoja saa nzima. Niambie ukweli. Nitaugua?"

"Amekugusa?"

"Hapana!"

"Amekunywa chai yako?"

"Hata!"

"Wewe umemla?"

"Kijana!"

"Basi, mama, hutaugua. Utarudi nyumbani na hadithi."

Abiria wakacheka. Meneja akatoa kalamu. "Kwa hiyo si hatari? Niandike si hatari?"

"Usiandike hivyo." Akasimama, akajipangusa magoti. "Panya anayekatiza hana shida na anayekatiza. Wote mnapita. Shida yake ni mkojo wake na mavi yake kwenye chakula na vyombo, hiyo ni moja, na hapo jikoni nitaangalia. Shida ya pili ni meno yake. Mtu mzima aliye macho hawezi kuumwa, atamfukuza. Anayeumwa ni anayelala chini, hasa mtoto mchanga. Na homa yake haiji siku hiyo hiyo, inakuja baadaye, mama anadhani ni kitu kingine. Kwa hiyo mimi nauliza tu: kuna mtu analala hapa?"

"Hakuna," akasema meneja kwa fahari. "Kuna karatasi." Akaionyesha mlangoni.

Mpishi alikuwa amesimama mbele ya mlango wa stoo, amefunika mlango wote kwa mwili wake na mikono kiunoni, kama golikipa. Akanitazama. Alikuwa tayari kusimama hapo mpaka Krismasi, niliiona usoni mwake. Ningenyamaza tu, bwana afya angekagua jikoni, angekunywa chai, angekwenda. Jioni ningempeleka mtoto kliniki kimya kimya, kesho ningerudi kazini. Jioni. Nikakumbuka joto lile mkononi mwangu.

Nikaweka trei chini.

"Yuko," nikasema. "Yuko anayelala."

Nikamwendea mpishi, akasogea pembeni. Nikatoka na mtoto begani. Alikuwa ameamka, macho mazito, na kwenye shavu lake kulikuwa na kipande cha biskuti kimeganda.

Meneja alifungua mdomo. "Huyu ni nani?"

"Si ulikuwa unamtafuta?" akasema mpishi. "Ndiye anafungua pakiti kwa mstari."

Hakuna aliyecheka, na yeye mwenyewe hakuwa anachekesha. Bwana afya alikuwa ameshika kile kidole, anakigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Akauliza ni lini, nikamwambia siku tano. Akauliza homa, nikamwambia leo. Nilimwambia yote, hata ya meno. Akaagiza maji na sabuni, akakiosha yeye mwenyewe pale kwenye meza ya chai, kisha akasema, "Hospitali. Sasa. Waambie panya, usiwaambie mkebe."

Gari la kwanza lililokuwa nje lilikuwa la shirika. Dereva wake haruhusiwi kuondoka mpaka ndege ipae, hiyo nayo ilikuwa karatasi yao. Mama wa skafu akaenda mlangoni akamwita. "Wapeleke mjini hospitalini, uwasubiri." Halafu akanigeukia. Akasema polepole, "Jerikeni la njano."

"Ndiyo," nikasema. "Ulisema mtalifanyia kazi."

Sikumwambia asante. Nilikuwa bado na hasira, na niliona heri nimwachie hiyo hasira aondoke nayo kwenye ndege kuliko nimpe asante nisiyokuwa nayo. Lakini gari lake lilikimbia vizuri, siwezi kulikana hilo.

Mtoto alidungwa sindano, akapewa dawa za siku nyingi, na homa ikapigana naye siku nne kabla ya kushindwa. Siku ya tano akaniomba biskuti. Nikalia pale wodini mpaka muuguzi akadhani kuna msiba.

Nilirudi kazini kuchukua nguo zangu. Sikuwa na haja ya kuambiwa. Lakini meneja alikuwa amesimama mlangoni na ripoti ya bwana afya, muhuri wa zambarau chini, ameisoma mpaka imechakaa. Ripoti ilisema tundu la chini ya sinki lizibwe kwa saruji. Biskuti zikae kwenye debe la bati lenye kifuniko. Jikoni kusafishwe kwa dawa. Na mstari wa mwisho ulisema: mtoto asilale chini.

"Nimeisoma mara tatu," akasema meneja, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyenyimwa usingizi. "Haisemi mtoto asiwepo. Inasema asilale chini."

"Ndivyo inavyosema?"

"Soma mwenyewe. Sasa mimi nitafanyaje? Ni muhuri."

Nikatazama jikoni. Mpishi alikuwa anasugua sufuria iliyokuwa tayari inang'aa. Baadaye sana ndiyo nilijua kwamba bwana afya alikunywa chai vikombe vitatu kule jikoni wakati anaandika, na kwamba mama yake na mpishi walibatizwa siku moja. Stoo kulikuwa na kitanda cha mbao chenye vizuizi pembeni, miguu yake minne imesimamishwa ndani ya mikebe ya maji, mdudu wala panya asipande. Meneja alikuwa amekileta kutoka nyumbani kwake. Watoto wake walikuwa wamekua, akasema, kilikuwa kinakula nafasi tu.

Tulifanya kazi pale mpaka shamba likafungwa. Panya hakuonekana tena, au aliona saruji akahamia kwingine akatafute wasiosoma.

Sasa yule mtoto yuko darasa la pili, na kidole chake kina kovu dogo la nukta mbili. Kila jioni kabla hajalala namwita kwenye beseni. Ananung'unika, maana ni msichana wa kujua kila kitu.

"Mama, kwani hii nyumba iko na panya?"

"Hakuna."

"Si basi."

"Lete mkono."

Analeta, anageuza macho juu kama mimi. Naosha kimoja kimoja, mpaka cha mwisho.